Kinachoonja dagaa si ulimi peke yake

Ukimkaribisha mtu wa Mwanza chakula ukamuuliza kikoje, atakwambia kitamu. Atasema hivyo hata kama chumvi imezidi, hata kama dagaa wana mchanga, kwa sababu amelelewa hivyo: chakula cha mtu hakitiwi kasoro mbele yake. Ni tabia ninayoipenda na wanangu nimewafundisha. Lakini kwa kazi yangu ni kikwazo. Mimi nakausha dagaa, nawakaanga, nawafungasha na kuwauza hapa Kirumba, na ninachokihitaji kuliko hata mtaji ni mtu wa kunieleza ukweli kuhusu ladha yao.

Nilisoma sayansi ya chakula SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kule tulifundishwa kupima ladha kwa jopo la waonjaji. Unawapa sampuli zenye namba za tarakimu tatu ili wasijue ipi ni ipi, kila mmoja na kikombe cha maji ya kusukutulia, na karatasi yenye ngazi tisa, kuanzia "naichukia mno" hadi "naipenda mno". Ngazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, miaka ya 1940 na 1950, walipotaka kujua askari wanakula nini na wanaacha nini. Ni kipimo kizuri na kimetumika dunia nzima. Nilipokileta huku, karatasi zilirudi zimejaa nane na tisa. Mama mmoja anayeuza mboga jirani yangu alimpa tisa hata dagaa niliyemwacha makusudi bila chembe ya chumvi. Nilipomuuliza, akanishika mkono: "Nimekupa zote dada, Mungu akujalie biashara."

Sasa unafanyaje na upendo wa namna hiyo?

Ndiyo maana niliposoma kwamba kuna maabara zinazopima ladha ndani ya ubongo wenyewe, bila kumuuliza mtu chochote, nilishikwa na hamu. Nilitaka kujua kama ubongo nao una adabu ya mgeni. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, nikisoma usiku watoto wakishalala, na naandika leo kwa sababu nilichokikuta kimebadili namna ninavyouza dagaa.

Tuanze na njia ambayo ladha inapita. Ulimi una vifundo vidogo vya kuonjea, kila kimoja na seli kama 50 hadi 100. Seli hizo zinatambua mambo matano: sukari, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa samaki au nyama ambayo Wajapani waliiita umami. Ile ramani ya ulimi tuliyochora shuleni, ncha ni ya sukari na nyuma ni ya uchungu, ifute kabisa. Aina zote tano zinaonjwa kila penye vifundo hivyo. Kutoka hapo habari inabebwa na neva tatu hadi shina la ubongo, inapita kwenye thalamasi, kituo cha kupokezea habari katikati ya ubongo, halafu inafika sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubavuni mwa ubongo, inayoitwa insula. Hapo ndipo ubongo unapojua hii ni chumvi, na ni kali kiasi gani. Kisha habari inasogea mbele hadi eneo lililo juu kidogo ya matundu ya macho. Huko inakutana na harufu, na kile ulichokiona sahanini, na njaa uliyonayo, na hapo ndipo thamani ya kitu inapopangwa: kinanipendeza au hakinipendezi. Harufu hapa ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Waliopoteza harufu kipindi cha UVIKO wanalijua vizuri. Ulimi ulikuwa mzima, lakini sato na viazi vikawa kitu kimoja.

Shikeni sehemu hizo mbili, insula na hili eneo la juu ya macho. Ndizo zinazobeba habari yote.

Kwamba ladha inakaa kwenye insula lilionekana mapema, na kwa namna ya kushangaza. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alikuwa akiwafanyia upasuaji wagonjwa wa kifafa wakiwa macho ili wamweleze wanachohisi. Mwaka 1955 yeye na mwenzake walichapisha kwamba walipoigusa insula kwa umeme mdogo, baadhi ya wagonjwa walisema wanasikia ladha mdomoni. Mdomoni hakukuwa na kitu. Miaka 60 baadaye, mwaka 2015, kundi la Charles Zuker huko New York lilifanya jambo la jamaa na hilo kwa panya, safari hii kwa kutumia mwanga kuamsha seli za sehemu hiyo ya ubongo. Wakiamsha seli za utamu, panya alikunywa maji matupu kwa bidii. Wakiamsha za uchungu, aliyakataa. Maji yalikuwa yaleyale.

Kwa mtu mzima wa afya huwezi kufungua fuvu, kwa hiyo kinachotumika zaidi ni mashine ya MRI, hiihii ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ila inaendeshwa kwa namna nyingine. Seli za ubongo zikichapa kazi, damu yenye oksijeni inaongezeka kuelekea hapo. Hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, ikiwa imebeba oksijeni na ikiwa imekwisha kuitua haifanani mbele ya sumaku. Mjapani Seiji Ogawa, akifanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1990 kwamba tofauti hiyo inaweza kupigwa picha, na muda mfupi baadaye watu wakaanza kuutazama ubongo wa binadamu ukiwa kazini. Kwa hiyo mashine haioni ladha. Inaona damu. Ni kama kutaka kujua nyumba ipi mtaani ina shughuli kwa kuhesabu madumu ya maji yanayoingizwa getini: utajua kuna jambo, lakini kama ni harusi au msiba, dumu halisemi.

Na damu haina haraka. Ladha inafika ubongoni kwa kufumba na kufumbua, ila wimbi la damu linafika kileleni baada ya sekunde tano au sita hivi. Badiliko lenyewe ni dogo, mara nyingi asilimia moja au karibu na hapo, ndiyo maana mtu mmoja anaonjeshwa kitu kilekile mara nyingi na wastani unachukuliwa. Wanaotaka kasi wanatumia kofia ya elektrodi inayosoma umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, kipimo alichokianzisha Mjerumani Hans Berger mwaka 1924. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kompyuta ikisoma umeme huo tu inaweza kubashiri kama mtu ameonja chumvi, sukari, uchachu au uchungu, na dalili zilishaonekana kabla ya robo sekunde kwisha. Kofia inakwambia lini. Haikwambii vizuri wapi.

Nilichokisoma na kukirudia ni namna kuonja kwenyewe kunavyofanyika humo ndani, maana hapo ndipo mtu wa chakula anapojitambua. Unalazwa chali kwenye tundu la mashine. Kichwa kinabanwa kwa sponji, masikio yanazibwa kwa sababu mashine inagonga kwa kelele kubwa. Sumaku ya tesla tatu ina nguvu mara makumi ya maelfu kuliko ile ya dunia inayogeuza dira, kwa hiyo chuma hakiingii, hata kibanio cha nywele. Chakula nacho hakiingii. Huwezi kutafuna, kwa kuwa taya likicheza kichwa kinacheza, na kichwa kikicheza hata milimita chache picha imeharibika. Badala yake mirija myembamba ya plastiki inawekwa katikati ya midomo na pampu inadondosha kimiminika kidogo, nusu mililita, pengine moja. Unakishikilia ulimini bila kutikisika. Ishara inatokea kwenye kioo, ndipo unameza. Halafu linakuja tone la kusukutulia, na hapo kuna jambo lililonigusa kama mtu wa taaluma: mara nyingi hawasukutulii kwa maji. Maji yenyewe yanaamsha eneo la ladha. Wanatumia mchanganyiko hafifu wa potasiamu kloridi na sodiamu baikaboneti, uliokaribiana na mate, ili ulimi usione kitu. Nilivikumbuka vile vikombe vyetu vya maji vya Morogoro.

Dagaa wangu hawawezi kupita kwenye mrija. Lakini sehemu ya utamu wao imeshapita.

Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia Tokyo, alichemsha mwani wanaoutumia kwa supu akatoa ndani yake glutameti, na akasema hii ndiyo inayofanya supu ijae mdomoni. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akatoa kitu cha pili kwenye samaki mkavu wa jamii ya jodari: inosineti. Karibu na mwaka 1960 Akira Kuninaka akaonyesha kwamba viwili hivi vikikutana ulimini ladha haijumlishwi tu, inapaa.

Sasa njooni jikoni kwetu. Glutameti imejaa kwenye nyanya iliyoiva. Inosineti inatokea kwenye nyama ya samaki baada ya kufa, pale kemikali iliyokuwa ikiipa misuli yake nguvu inapoanza kuvunjika. Dagaa na nyanya. Bibi yangu kule Sengerema hakupata kusikia habari za Kodama, lakini hakuwa tayari kubandika dagaa bila nyanya. Zikikosekana, mtoto alitumwa kwa jirani. Aliwachambua vichwa na matumbo akiwa amekaa kwenye kigoda, akawaosha kwa maji ya moto, akayamwaga, akawaosha tena hadi chini ya beseni pasibaki punje ya mchanga. Aliwakaanga kwa mafuta machache mpaka mlio wao ubadilike, ule mlio wa maji ukiisha unabaki mlio mkavu. Kitunguu. Halafu nyanya zilizoiva hadi ganda linapasuka lenyewe, moto ukapunguzwa, akasubiri mpaka mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Ndimu ilikamuliwa mwisho kabisa, sufuria ikiwa chini.

Mwaka 2003 kundi la Edmund Rolls wa Oxford liliwaweka watu kwenye MRI wakaonjeshwa glutameti peke yake, inosineti peke yake, kisha mchanganyiko wa vyote viwili. Sehemu moja ya lile eneo la juu ya macho iliuitikia mchanganyiko kwa nguvu iliyozidi jumla ya miitikio ya kila kimoja. Moja na moja zilizaa zaidi ya mbili, ndani ya ubongo wa mtu, kwenye picha. Mwaka 2007 Rolls na Ciara McCabe wakaongeza jambo lingine: glutameti yenyewe tupu haipendezi sana, lakini ikiungana na harufu ya mboga, watu wanaipenda na eneo lilelile linaitikia kupita jumla. Hicho ndicho kitunguu ndani ya mafuta. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikamwita mdogo wangu jikoni nimsomee. Kwa miaka mingi nimesikia watu waliosoma wakiyaita mapishi ya bibi zetu mazoea tu. Yale ni maarifa, na yalipimwa kwa midomo ya watu kizazi baada ya kizazi kabla sumaku haijajengwa.

Kuna onyo humohumo kwa wakaushaji wenzangu. Inosineti haimsubiri mtu. Samaki akichelewa kukauka inaendelea kuvunjika hadi inafikia haipozanthini, ambayo ni chungu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanafika mwaloni alfajiri, na kama masika imetanda unaanika, unaanua, unaanika tena, turubai juu turubai chini mpaka jioni. Mteja akinunua mzigo wa namna hiyo hana haja ya kuambiwa na mtaalamu. Ndiyo maana nang'ang'ania chanja: upepo unapita juu na chini, samaki anakauka mapema, na mchanga haumpati.

Sasa nifike kwenye swali langu la adabu.

Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake wa California Institute of Technology waliwaonjesha watu mvinyo kwa mirija ndani ya mashine, wakiwaambia bei ya kila mmoja. Bila wao kujua, mvinyo mmoja uliletwa mara mbili, safari moja ukiitwa wa dola 10, safari nyingine wa dola 90. Watu waliupenda zaidi ule wa 90. Hadi hapo ningesema ni aibu ya mbele za watu, nani atakubali kuonekana hajui kitu cha gharama? Lakini picha zilionyesha kwamba lile eneo la juu ya macho liliitikia kwa nguvu zaidi bei ilipopanda, wakati kwenye insula bei haikuleta badiliko. Ulimi ulitoa taarifa ileile. Aliyeipokea taarifa akaipa thamani tofauti. Walipoonja tena baadaye bila kutajiwa bei, tofauti haikuwepo.

Miaka minne kabla, kundi la Read Montague huko Houston lilikuwa limefanya hivyo kwa Coca-Cola na Pepsi. Soda zikiwa hazina jina, watu waligawanyika, na ubongo uliitikia kufuatana na upendeleo wa kila mmoja. Walipoonyeshwa picha ya kopo la Coca-Cola kabla ya tone kushuka, sehemu zinazohusika na kumbukumbu nazo zikaamka. Jina lilikuwa limeingia mdomoni pamoja na soda.

Niliposoma haya nilifanya jaribio langu mwenyewe pale Mwaloni, soko letu la dagaa hapa Kirumba, maana sikutaka yabaki habari za mvinyo. Nilikaanga dagaa kwenye karai moja, chumvi moja, mafuta mamoja, nikawagawa kwenye bakuli mbili. La kwanza nikasema ni dagaa wa chanja kutoka Ukerewe, wanaopelekwa supamaketi za Dar. La pili nikasema ni wa mchangani, wale wanaonunuliwa kwa chakula cha kuku. Wakaja makuli waliokuwa wamemaliza kupakia gari la Kongo, bodaboda, kina mama wa mboga, na mzee mmoja mvuvi mstaafu anayeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa ni rika la baba yangu.

Kuli mmoja, kijana mwenye sauti ya upole, alichukua wa kwanza akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akachukua wa bakuli la pili. Nilimwona taya lake likisimama. Akapeleka ulimi pembeni ya shavu, akatema kidogo kiganjani, akakitazama.

"Hawa wana mchanga, mama. Nimeung'ata."

Nikamwambia ukweli, na kumwonyesha karai. Wengine wakacheka wakaanza kuonja upya. Yeye hakucheka. Alichukua dagaa mwingine wa bakuli la pili, akamtafuna akiwa amefumba macho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Lakini niliusikia."

Namwamini. Hakuwa ananipendeza, wala hakuwa ananikosoa. Alilisikia neno mchanga, na meno yake yakautafuta mpaka yakaupata. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu akisema dagaa ni chakula cha maskini, au mboga ya kukosa, sioni kwamba anatoa maoni tu. Anamwekea mtoto aliyekaa pembeni yake mchanga mdomoni.

Na inaweza kuingia ndani zaidi ya hapo. Mwaka 2006 Jack Nitschke na wenzake wa Wisconsin walitumia kwinini. Kabla ya kila tone mtu alionyeshwa ishara ya kumwandaa: linalokuja ni chungu sana, au si chungu sana. Mara nyingine ishara ilisema si chungu sana, halafu likadondoshwa lile kali lenyewe. Watu walisema uchungu ulikuwa mdogo, na safari hii insula yenyewe ilitulia. Kwa hiyo kwenye uchungu, neno linaweza kufika hadi kwenye mlango wa kwanza wa ladha. Sisi tuliokulia mwambao huu wa malaria, tuliobanwa pua tukanyweshwa klorokwini na kwinini, tunajua ule uchungu unavyokaa kooni hadi jioni. Mama zetu walikuwa wakituambia "kunywa mwanangu, siyo chungu". Kwa mtoto aliyewaamini, neno lile lilikuwa msaada wa kweli.

Kuna na suala la kukinai chakula kilekile, nalo nilipitie haraka. Mwaka 2003 Morten Kringelbach na kundi la Oxford waliwashibisha watu kwa juisi ya nyanya au maziwa ya chokoleti, na mwitikio wa lile eneo la juu ya macho ukashuka kwa kile tu mtu alichoshiba, kile kingine kikabaki palepale. Mwanafunzi wa bweni anayewekewa dagaa wa aina moja, mchuzi wa aina moja, kila siku ya Mungu, atawachoka. Badilisha mapishi, leo nyanya, kesho karanga, keshokutwa wakavu na kachumbari, kabla hujamlaumu samaki.

Sitaki mtu anisome akadhani mashine inajua kila kitu. Eneo moja la ubongo lina kazi nyingi. Lile la juu ya macho linaamka kwa fedha, kwa manukato, kwa sura nzuri. Huwezi kuona limewaka ukatangaza "huyu anafurahi". Hata insula haijagawanyika vyumba vya sukari na chumvi kwa namna iliyo wazi kwa binadamu; tafiti za karibuni zenye sumaku kali zaidi zinaonyesha kila ladha imetawanyika kwa mpangilio wake, na zinaingiliana. Tena wanaolazwa humo mara nyingi ni wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri, wamelala chali, peke yao, wananyweshwa matone. Hakuna tonge la ugali wa muhogo lililofinyangwa kwa vidole. Hakuna dagaa mkavu anayepasuka kwenye gego, na mlio ule wa kupasuka ni nusu ya raha yake. Hakuna mtu wa kumwambia mwenzake "ongeza". Kwangu huo ni upungufu mkubwa kuliko wote, maana watu wa ziwa hatuli peke yetu.

Lakini kwa kile ilichoonyesha, imenitosha kubadili mambo. Waonjaji siwaulizi tena kama ni kitamu. Nawapa vikombe vitatu, viwili vya mzigo mmoja na kimoja cha mwingine, nauliza kipi ni tofauti. Ni kipimo cha zamani cha taaluma yetu, na uzuri wake kwa Mwanza ni kwamba hakimlazimishi mtu kutia kasoro chakula cha mwenzake. Yule mama wa mboga amekuwa mwonjaji wangu mkali kuliko wote. Anatofautisha dagaa wa jana na wa juzi kwa kunusa tu. Napima pia kinachobaki sahanini, kwa mizani, kwa sababu masalia hayana adabu.

Upande wa jina nao nimeushughulikia kwa uzito uleule wa chumvi. Paketi sasa inasema mwalo waliotoka, tarehe waliyokaushwa, na kwamba ni wa chanja. Nimeondoa maneno "bei poa" niliyokuwa nimeyaweka mbele. Meza nimeihamisha kutoka karibu na magunia ya chakula cha kuku, japo kule nilipata kivuli bure na hapa nalipia. Bei imepanda kidogo, na kila ninayemwambia kwa nini, namwambia ukweli wote: kwa sababu wameoshwa, wamekaushwa juu, na wanastahili. Sitamdanganya mtu kuhusu mzigo ili ubongo wake uutie utamu usiokuwemo. Mchanga ukiwepo, jina zuri halitadumu hadi tonge la pili.

Kama wewe ni mpishi wa shule ya bweni hapa Mwanza, Nyamagana au Ilemela, njoo Mwaloni unitafute upande wa wauza dagaa. Nitakupa dagaa wa kutosha meza kadhaa, na nyanya zao. Sharti ni moja: wiki moja kabla, anza kupima masalia ya dagaa unaowapika sasa, meza zilezile, na wanafunzi uwaeleze wanakula nini na kimetoka mwalo gani. Kisha tukae na mizani tulinganishe.